Nani Mwenyeji wa Dhahabu?

Katika nchi yetu ya Maniema ya kusini yako maneno mawili yasemwayo mchana na usiku, wala watu hawayapimi kabla ya kuyatamka. La kwanza ni "mwenyeji", la pili ni "mtu wa kuja". Uwe sokoni Salamabila, uwe njiani kwenda Kabambare, uwe mbele ya lango la mgodi wa Namoya, ukisikia ugomvi wa kazi au wa shimo au wa kiwanja, ngoja kidogo tu, utayasikia yote mawili. Basi, ndugu msomaji, tuyaweke mizanini kwa utulivu, kwa sababu maneno hayo yamewanyima watu chakula, na wengine yamewaondolea uhai.

Tuanze na mambo yenyewe jinsi yalivyokuwa. Milima ya Namoya ina dhahabu, na kampuni za wakati wa Wabelgiji zilianza kuichimba katika miaka ya 1930. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za Kivu na Maniema ziliunganishwa kuwa moja, nayo ndiyo SOMINKI, ambayo wazee wengi wa huku waliifanyia kazi. Katika miaka ya 1990 SOMINKI ilidhoofika, mwisho ikafa. Lakini tangu mwaka 1982 serikali ya Mobutu ilikuwa imewaruhusu raia kuchimba dhahabu na kuiuza. Kwa hiyo kampuni ilipokufa, watu walibaki na sururu zao na beseni zao, wakachimba kwa mikono. Wanaume walishuka mashimoni, wanawake walitwanga mawe, watoto walichota maji ya kusafishia mchanga. Si maisha ya raha, lakini yalilisha nyumba na kulipa ada za shule.

Halafu ikaja Banro, kampuni ya Kanada, yenye vibali vya serikali. Mwanzoni mwa mwaka 2016 ilitangaza kwamba mgodi wa Namoya sasa unazaa kwa ukamilifu. Mwezi wa Machi 2017 wafanyakazi watano wa mgodi, Wakongo na wageni, walitekwa na watu wenye bunduki. Mwezi wa Julai 2019 wengine wanne wakatekwa. Magari yaliyoleta mahitaji ya mgodi kutoka Bukavu, mwendo wa zaidi ya kilometa 200, yalishambuliwa njiani. Mwezi wa Septemba 2019 Banro ilisimamisha kazi, na baadaye mgodi ukapita mikononi mwa wengine. Katika miaka hiyo Mai-Mai wa Malaika walisema wanapigania haki ya wenyeji, jeshi likasema linalinda mali na raia, na watu wa Salamabila wakafunga vitanda vyao na masufuria yao wakakimbilia porini, wakarudi, wakakimbia tena.

Sasa tuulize: lawama ya wenyeji ilikuwa ya kweli au ya uwongo?

Mimi nasema ilikuwa ya kweli kwa sehemu kubwa. Wazee wetu walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Methali hiyo yadhani kwamba mwenye jembe ni mwenyeji, naye ndiye ampaye mgeni. Namoya mambo yalikwenda kinyume. Mgeni alikuja na mashine zake, na siku ya tatu mwenyeji ndiye aliyenyang'anywa jembe. Kwa sheria ya Kongo madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa, na mchimbaji mdogo haruhusiwi kuchimba ndani ya eneo lililokwisha kupewa kampuni. Kumbe mtu aliyechimba kilima kile miaka ishirini anaamka siku moja anaitwa mwizi, mahali pale pale, kwa kazi ile ile. Tena yupo maskini mwingine katika methali zetu: yule asiyeokota, maana akiokota huambiwa kaiba. Sijui kama mtunzi wake alipata kufika Kabambare, lakini angekuwa nyumbani.

Tena kuna habari ya kazi. Mgodi mkubwa wataka mafundi, makarani, madereva wa mashine kubwa, watu wa maabara. Kazi hizo zaombwa kwa cheti, na vyeti hupatikana Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa, au ng'ambo. Kijana aliyesoma kijijini, katika shule ambayo mwalimu hulipwa na wazazi, na vita ikaifunga mara mbili au tatu, anakwenda langoni na mikono mitupu. Akibahatika atapewa kibarua cha kufyeka majani. Hakuna aliyeandika kwamba Mbuyu au Mbangubangu au Mhombo asipewe kazi. Haikuhitajika kuandikwa. Lango lilipimwa kwa urefu wa mtu mwingine, yeye akija halimwenei. Ubaguzi wa namna hii ni mgumu kuukamata, kwa sababu hauna mtu wa kumnyoshea kidole. Ukimwuliza mlinzi atasema nafuata karatasi. Ukimwuliza mkubwa wa ofisi atasema nataka fundi, sitaki kabila. Na wote wawili wasema kweli.

Hapo ndipo fikira zetu zinapopotea njia. Kijana yule, kwa kuwa hapati wa kumlaumu, anatafuta uso. Anamwona Mshi aliyetoka Bukavu, amevaa kofia ngumu, mwisho wa mwezi ana mshahara. Basi moyo wake wasema: huyu ndiye aliyekula changu. Lakini Mshi naye ukimkalisha akueleze atakuambia habari za Mzungu, au za mtu wa Afrika Kusini, afanyaye kazi karibu na yake, naye hulipwa mara nyingi zaidi, hulala penye umeme, na akiugua hupandishwa ndege. Kila mmoja anatazama juu, anahesabu alichonyimwa. Hakuna atazamaye chini. Na chini yuko mtu: nitamfikia.

Ngazi hii si ya jana. Nchi ya Kasongo na Kabambare ina historia ndefu ya ngazi, na yafaa tuikumbuke, maana sisi ni wajukuu wa watu waliopanda na kuteremka humo.

Katika miaka ya 1870 Tippu Tip, ambaye jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, alifanya Kasongo kuwa makao yake. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka huku, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa kwenda Ujiji na Tabora mpaka pwani. Pamoja na misafara hiyo lilikuja neno "mwungwana", yaani mtu huru, asiye mtumwa wa mtu, na kinyume chake likaja neno "mshenzi". Lugha yetu yenyewe, hata leo, watu huiita Kingwana kwa sababu ya hao. Lakini waungwana hao walikuwa akina nani? Wengi wao hawakupata kuiona Unguja. Walikuwa watoto wa vijiji vya hapa hapa, waliochukuliwa wadogo au waliofuata msafara kwa hiari, wakajifunza kuvaa kanzu, kushika bunduki, na kusema Kiswahili. Kisha walirudi katika vijiji vya mama zao, wakawaita watu wa huko washenzi. Hata Ngongo Lutete, jemadari mkubwa upande wa Lomami, husimuliwa kwamba utotoni alikuwa mtumwa. Na msomaji anayejua habari za soko la Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, siku walipouawa mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, anajua neno "mshenzi" lilikuwa na kazi gani. Mtu ukikwisha kumwita hivyo, ni rahisi kumpiga risasi.

Mwaka 1893 askari wa Mfalme Leopold waliteka Kasongo, na mwaka uliofuata wakaingia Kabambare. Walisema wamekuja kukomesha utumwa. Ngazi ikapinduliwa. Aliyekuwa mwungwana jana akawa mtu wa kushukiwa, akaandikwa katika vitabu vya serikali kuwa "aliyefanywa Mwarabu", hata kama babu yake alizaliwa kando ya Mto Lualaba. Na watu wote, mwungwana na asiye mwungwana, walikuja kulimishwa pamba kwa amri.

Hapa kuna jambo ambalo gazeti la misioni halina budi kulisema bila kuzungukazunguka. Serikali ya Wabelgiji iliiacha elimu karibu yote mikononi mwa misioni, na kwa miaka mingi fedha zake zilikwenda kwa shule za misioni. Mtoto wa Mwislamu wa Kasongo hakukatazwa kusoma. Lakini njia ya kufika ubaoni ilipita katika katekisimu, na baba wengi waliogopa kwamba watampeleka mtoto asome, watarudishiwa mtoto wa watu wengine. Basi wakakataa. Shule za serikali zisizo za dini zilianza mwaka 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Wakati huo matunda yalikuwa yamekwisha kuiva: karani, mwalimu, mwuguzi alikuwa mtoto wa wale waliokuwa wakiitwa washenzi, na mtoto wa mwungwana alikuwa fundi cherehani, dereva, mchuuzi. Si kazi za aibu hata kidogo. Ila siku Wakongo walipochukua ofisi za nchi yao, aliyejua kalamu alikaa kitini, na asiyejua alisimama mlangoni. Na yule wa kitini, je, hakusema kwamba wa mlangoni ni mjinga kwa asili yake? Alisema. Wengine wasema hata leo.

Wabelgiji waliongeza daraja nyingine juu. Mwaka 1948 walitoa kadi ya sifa ya uraia kwa Mwafrika aliyeonekana ameendelea, na mwaka 1952 wakaweka cheti cha juu zaidi, cha kuandikishwa. Aliyekitaka alichunguzwa nyumbani kwake: anakula namna gani, anasoma nini, anaishije na mkewe. Patrice Lumumba, mtoto wa Sankuru jirani yetu, alikiomba, akakataliwa kwanza, akakipata mwaka 1954. Nchi nzima yenye watu karibu milioni 14 ilitoa vyeti hivyo mia chache tu. Fikiri, msomaji: mtu apewe mtihani ili athibitishe kwamba anafaa kuwa mtu!

Na tusidhani kwamba mambo haya ni ya Kongo peke yake. Unguja, ambako Tippu Tip alizaliwa na ambako alifariki mwaka 1905, wakati wa vita kuu ya pili Waingereza waligawa chakula kwa kufuata taifa la mtu. Wahindi na Waarabu walipata mgawo wa mchele, Waafrika wakapewa mahindi. Unafikiri watu walifanya nini? Wengine walikwenda kujiandikisha upya kwa taifa jingine. Hii yaonyesha jambo kubwa. Sisi tunadhani kabila huja kwanza, na riziki hufuata. Mara nyingi mwenye ghala hugawa riziki kwanza, na watu hujipanga katika makabila ili waifikie. Baada ya miaka ishirini wamesahau walivyojipanga, wakadhani Mungu ndiye aliyewapanga. Mwezi wa Januari 1964 watu wa Unguja waliuana kwa majina hayo.

Sasa nafika kwenye neno ninalotaka kulisema. Watu husema kwamba fulani ni maskini kwa sababu kabila lake ni la wavivu, au la wajinga, au la watu wa porini. Ukiangalia Kasongo na Kabambare utaona mpangilio ni mwingine. Kwanza mtu hunyang'anywa kitu: uhuru wake, shamba lake, shule, kilima cha dhahabu. Kisha aliyenyang'anya hana raha moyoni, maana kila mtu hupenda kujiona mwema. Ndipo anapotafuta neno la kumtuliza, na neno hilo ni dharau: hawa hawakuwa watu wa kujua kutumia kitu hicho. Dharau ni risiti iandikwayo baada ya wizi. Ndiyo sababu ngazi ilipopinduliwa mwaka 1893, na tena mwaka 1960, matusi yalihama pamoja na mali. Kama uvivu ungekuwa katika damu, ungebaki kwa watu wale wale.

Najua msomaji mmoja ataniambia: "Ndugu, maneno yako ni mazuri, lakini kabila ndilo tegemeo letu. Nikifiwa, ni watu wangu wanaochanga sanda. Nikikimbia vita, ni wao wanaonipa chumba. Kampuni haijui jina langu, serikali haijui mlango wangu. Wataka niache kabila nishike nini?"

Swali hili ni zito, na anayelijibu upesi hajapata kukimbia usiku na mtoto mgongoni. Mimi sisemi uache. Ukoo na kabila ni nyumba ya maskini asiye na nyumba nyingine. Mtu wa mjini mwenye akiba benki aweza kusema hana kabila, kwa kuwa ana benki. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kabila likiwa la kutoa, kuchanga, kupokea, kuzika, ni jema na hakuna wa kulilaumu. Kabila likiwa kipimo cha kumfukuza mwingine langoni, hapo linafanya kazi ya wale waliotupimia sisi kwa kipimo hicho hicho.

Wa pili atasema: "Mbona wao husaidiana? Mkubwa wa Bukavu humleta shemeji yake." Ni kweli, tumeyaona. Basi dawa yake ni nini? Majina ya nafasi na sifa zake yabandikwe wazi sokoni na kusomwa, na waombaji wote wajulikane. Tukimwondoa shemeji wa Bukavu tukamweka shemeji wa Kabambare, mjane asiye na shemeji yeyote amefaidika nini? Tena tukumbuke kwamba watu wetu nao ni watu wa kuja kwa wenzao. Nenda Ujiji, nenda Tabora, utawakuta Wamanyema waliokaa huko tangu wakati wa misafara. Dar es Salaam, katika Kariakoo, uko msikiti uitwao wa Manyema hata leo. Wajukuu wa nchi hii wamezaliwa na kuzikwa huko. Je, tungependa waulizwe kila asubuhi babu zao walitoka wapi?

Tuweke mfano, ili tuone haki inakaa wapi. Tuseme zipo nafasi za kazi za kawaida, zisizotaka cheti, na imeamriwa ziwe za wenyeji. Wanakuja watu watatu. Wa kwanza ni mwanamume wa ukoo wa hapa, damu safi, karatasi zake safi. Lakini tangu ujana anakaa Kindu, ana duka, na mgodi haukumgusa hata ukucha. Wa pili ni mwanamke aliyezaliwa Salamabila. Babu yake alitoka Walungu kuifanyia kazi SOMINKI, akafia hapa. Mama huyu ametwanga mawe ya dhahabu miaka kumi na mitano, akasomesha watoto, mpaka siku wachimbaji walipofukuzwa. Kadi yake ya uchaguzi, mahali pa asili, imeandikwa Walungu, mahali asipopata kulala hata usiku mmoja. Wa tatu ni Mbote, yaani yule ambaye wengine humwita Mtwa au Mbilikimo. Msitu aliowinda umekuwa barabara na kambi. Kadi hana kabisa.

Nani mwenyeji? Kwa damu, yule mwanamume wa kwanza. Kwa karatasi, yeye pia. Lakini nani aliyepoteza kitu? Nani atalala njaa? Mimi nasema haki ya kupewa kwanza yafuata hasara na uhitaji. Damu yaweza kuwa dalili ya hasara, kwa kuwa mara nyingi aliyezaliwa mahali ndiye aliyepoteza hapo. Lakini dalili si ugonjwa wenyewe. Mganga anayetibu dalili tu hujaza zahanati watu wazima na kuwaacha wagonjwa nje. Kwa hiyo madai ya Salamabila yakisema, "Tulichimba hapa, tukafukuzwa, tulipwe, tufundishwe, tuajiriwe," yana nguvu ambayo hakuna kampuni wala serikali iwezayo kuyapinga kwa haki. Yakisema, "Sisi ni wa hapa, wale waondoke," yanapoteza nguvu hiyo, maana yamekubali kwamba mtu apimwe kwa asili yake. Na aliyekubali hivyo hana la kumjibu mwenye mgodi akimpima yeye.

Na zile kazi zinazotaka ufundi? Zipewe fundi, awe wa wapi. Lakini aliyepewa kilima cha watu kwa miaka mingi ana deni la kuwafundisha watoto wao kazi ya kilima hicho. Na wawili wafanyao kazi moja walipwe sawa, pasipo kuulizwa pasipoti. Hapo sioni la kubishania.

Nilisema chini ya kijana wa Salamabila yuko mtu. Ndiye yule Mbote. Sisi Wabantu wa nchi hii, wote pamoja, Wabuyu, Wabangubangu, Wahombo, Wakusu, tunaogombana juu ya nani ni mwenyeji, twajua wazi kwamba wazee wetu wenyewe husimulia kuwa walipofika waliwakuta Wambote msituni. Kwa kipimo cha damu basi, sisi sote ni watu wa kuja. Lakini nani amepata kusikia mkutano wa wenyeji ambapo Mbote alipewa kiti? Nyama aliyowinda tulipokea kwa chumvi kidogo. Sahani aliyolia wengine hawakulia tena. Mashambani alilima siku nzima kwa mihogo ya jioni. Ng'ambo ya mpaka wetu, katika jimbo la Tanganyika, upande wa Nyunzu, Manono na Kalemie, tangu mwaka 2013 Watwa na Waluba walipigana miaka kadhaa, vijiji vikachomwa, watu wengi wakauawa pande zote mbili. Watwa walikuwa wamechoka kutozwa, kutumikishwa na kutukanwa. Mwaka 2022 serikali ya Kongo ilitoa sheria ya kulinda haki zao. Sheria ni njema. Lakini sheria haili nawe sahani moja.

Kwangu mimi huyu ndiye mizani ya madai yetu yote. Mwenye bunduki aliyesema anapigania wenyeji, je, alimhesabu Mbote? Na mama wa Walungu? Tumeona waliotekwa, miongoni mwao walikuwamo Wakongo maskini waliokuja kutafuta mshahara. Tumeona waliokimbia: wenyeji wenyewe. Na kazi iliposimama, aliyekosa posho kwanza alikuwa kibarua wa Salamabila. Wenye hisa walikuwa mbali.

Kuna njia nyingine, haina kelele, nayo imo katika sheria tayari. Sheria ya madini ya mwaka 2018 yasema mgodi wa dhahabu utoe mrabaha wa asilimia 3.5. Katika fedha hizo, nusu ni ya serikali kuu, asilimia 25 ni ya jimbo, asilimia 15 ni ya sekta au utawala wa mahali mgodi ulipo, na asilimia 10 huwekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Juu ya hayo, kampuni itenge asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaouzunguka mgodi, tena ifanye nao mapatano ya maandishi: barabara gani, zahanati gani, shule gani, na kwa mwaka upi. Haya si sadaka. Ni deni, na mwenye kudai deni anahitaji kujua hesabu.

Lakini ni nani anayekaa mezani mapatano hayo yanapofanywa? Mara nyingi chifu, wakubwa wa sekta, na wachache wenye sauti. Na kama daftari limeandikwa kwa Kifaransa peke yake, mama anayetwanga mawe ataijuaje zahanati aliyoahidiwa? Lisomwe kwa Kiswahili, kwa sauti, siku ya soko, sehemu kwa sehemu, na hesabu ya mwaka uliopita isomwe pamoja nalo. Na yeyote aliyepo, awe wa hapa au wa Walungu, aruhusiwe kuuliza fedha zilikwenda wapi. Wambote wakiwa hawakuja sokoni siku hiyo, yafaa mtu mwenye daftari apande mpaka kambini kwao, akae chini, awasomee huko huko.